Kengele Iliyolia Bendera Ikipanda

Mliniacha mlangoni mwa duka, nimeikumbatia kinga mpya kama mtu aliyeokota mtoto, na mwenye duka ananiita nirudi ndani.

Kwa wale waliofungia samaki gazeti la wiki iliyopita bila kulisoma, nawasaidia. Mwaka ule serikali ilikuwa imechukua maduka na kampuni za wageni ikawapa wananchi wenye bahati. Tuliwaita acquéreurs. Kampuni yetu ya kahawa hapa Kisangani, yenye depo kule Simi-Simi, ilimwangukia mmoja wao, naye akawa Directeur. Kitu cha kwanza, alichukua kamio, yaani lori lililotubeba wafanyakazi kutoka kambi ya Kabondo, akalipeleka Bengamisa kubeba mpunga wake. Sisi tukabaki na miguu.

Mimi nilikuwa magasinier, mtunza magazini, lile ghala la kahawa. Ufunguo wa magazini ulikuwa wangu, na ndani ya magazini, katika sanduku la bati, ndimo ilimolala bendera ya kampuni. Kila asubuhi lazima bendera ipande, wafanyakazi wote kwenye mstari, wakiimba. Magasinier asipofika, bendera haipandi. Na mimi nilikuwa nimechelewa mara mbili, kwa sababu kijito kinachokata njia ya miguu kilikuwa kimemeza gogo letu la kuvukia.

Directeur hakupiga kelele. Alisema, "Ya tatu, citoyen, unaniachia ufunguo ya magazini, na ile ya nyumba pia."

Nyumba ilikuwa ya kampuni. Mke wangu Agathe, watoto wetu, kuku wetu, wote walikuwa wanalala juu ya ufunguo ule mmoja.

Ndiyo maana nikanunua kinga, ile ambayo watu wa pwani wanaiita baiskeli. Nilidhani nanunua saa za kulala kidogo zaidi. Kumbe.

Mwenye duka akanambia:

"Citoyen, rudisha pedali."

"Pedali?"

"Umelipia kinga. Pedali ni accessoire."

"Sasa bila pedali nitaenda namna gani?"

"Unasukuma. Batu mingi banasukuma."

Mtu huyu naye alikuwa acquéreur. Duka la kinga alipewa kwa sababu alicheza dansi vizuri siku wakubwa walipokuja kutoka Kinshasa. Kiuno alikijua, kinga hakuijua. Alichojua ni kwamba kitu kinachofunguliwa kwa spana kinaweza kuuzwa mara mbili. Alikuwa amefungua kila kitu: viti, pedali, taa, kengele, garde-boue za kuzuia matope, akavitundika darini kama nyama ya kukausha. Kinga zenyewe zilisimama chini, uchi, zinaona haya.

"Na kiti?" nikamuuliza.

"Kiti ni confort."

Nikalipia pedali. Nikalipia kiti. Hivyo vingine nikamwachia dari yake.

Nje, shemeji yangu Célestin alikuwa ananingoja.

Huyo bado hamjamjua. Célestin ni kaka mkubwa wa Agathe. Alishuka kutoka Opala kwa pirogue, yaani mtumbwi, kuja kutusalimu. Salamu yenyewe ilikuwa imekula misimu miwili ya viwavi wa kuliwa, na mkeka wake ulikuwa umeanza kuota mizizi katika kile chumba cha nyuma. Kaka ya bibi yako haumuulizi anarudi lini. Unamsogezea lituma na samaki, unamwambia karibu, unameza mate.

Alikuwa anatafuta kazi, alisema. Aliitafuta kwa kukaa kwenye kiti changu na kuitazama barabara kama itapita.

Akaizunguka kinga, mikono nyuma, kama Directeur.

"Semeki," akasema, maana ndivyo wa Opala wanavyomwita shemeji, "hii kinga haina kitu."

"Ina magurudumu."

"Hata kilonda iko na nzi. Hii haina hata nzi. Utaenda nayo kazini namna hii, batu baseme bokilo ya Opala iliolewa na masikini?"

Bokilo, yaani ukoo wa mke, haiaibishwi. Ndipo tukaenda sokoni kwa Mama Binti.

Mama Binti alikuwa mjane aliyetoka Kasongo, kule Maniema. Marehemu mumewe alitengeneza kinga za mji mzima, naye alibaki anauza vyuma vyake, akavipanga juu ya kitambaa cheupe kama mtu anayeuza mandazi. Vyuma vya marehemu vilikuwa vimeisha zamani. Hivi alivyoviuza sasa vilitoka katika duka lile lile: wafanyakazi wa yule mcheza dansi walivipitisha dirishani, kwa kuwa mshahara wao ulikuwa umesahau njia ya mlangoni.

"Karibu, papa Évariste."

"Pole pole na hilo jina, mama. Serikali ilitupokonya majina ya ubatizo. Kazini niko Citoyen Musafiri."

"Basi Musafiri, karibu. Hapa sokoni Mungu anakujua yote mawili. Unataka nini?"

Célestin akajibu kabla yangu. "Kengele."

Mama Binti akatoa kengele moja ya kuviringa, inang'aa kama kichwa cha padri. Akaigusa kwa ukucha tu. Ililia, ikaendelea kulia, akaifunika kwa kiganja, ikalia ndani ya kiganja. Ndugu zangu, mimi si mtu wa kuongeza chumvi, chumvi yenyewe siku hizi haipatikani, lakini wavuvi wa Wagenia kule kwenye maporomoko waliniapia kwamba siku ile waliacha nyavu wakadhani ni misa.

"Hii," akasema Mama Binti, "ina spring moja kali. Ikianza, haisikii mutu. Chukua ile ingine, ya bubububu."

"Hapana," akasema Célestin, "tunataka hii."

Na mimi, mjinga, nikaitaka pia.

Sasa sikilizeni mila ya kambi yetu. Mtu akipata kitu kipya, redio, koti, hata bati la choo, lazima akimwagie. Kiongozi wa avenue, Papa Hubert, ndiye aliyesimamia. Alikuwa mkubwa wa chama katika kambi, na ziada ya hapo alikuwa na kiu. Anakuja na kikombe chake mwenyewe, anamwaga tone moja juu ya kitu, lingine chini kwa wazee wa zamani, kinachobaki kinakwenda mahali salama.

"Kitu ambacho hakikumwagiwa," alikuwa anasema, "kitamuuma mwenyewe."

Kinga ilimwagiwa jioni ile ile. Walikunywa kasiksi ya Agathe yote, pombe ile aliyokuwa ameitengeneza kwa kuuza. Kesho yake nikafunga kengele. Papa Hubert akatokea na kikombe.

"Tulimwagia jana, papa."

"Jana tulimwagia kinga. Kengele haikuwapo. Kengele ni mgeni."

"Kengele iko juu ya kinga."

"Na weye uko juu ya Agathe, lakini kila mutu alibatizwa peke yake."

Wote wakacheka. Célestin alicheka kuliko wote, kisha akatoa viti nje.

Wiki ile ikaenda hivyo, na mimi bado naenda kazini kwa miguu, natoka gizani, kwa kuwa Célestin hakukubali nipande kinga isiyokamilika. Nikafunga porte-bagages ya kubebea mizigo, wakaja. Nikafunga dynamo na taa yake, wakaja, wakataka tuzime taa zote za avenue waione ikiwaka. Nikafunga garde-boue ya mbele, wakanywa. Ya nyuma, wakasema hii si ndugu ya ile ya mbele, haina hata urefu mmoja, wakanywa tena. Célestin ndiye aliyegundua kila mara kinachokosekana. Asubuhi anaiangalia kinga kwa huzuni kama daktari, anasema, "Semeki, bado kitu kimoja."

Agathe alibaki na masufuria yake. Alikuwa anapika, anauza, anapika tena. Siku ya bavette ndiyo aliyosema.

Bavette ni kile kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya garde-boue kuzuia matope. Watu wa Kisangani hawaachi bavette uchi. Wanaipaka rangi, wanaandika methali au jina. Nilikuwa kazini, kwa hiyo Célestin ndiye aliyeipeleka kwa mchoraji. Niliporudi nikaikuta imefungwa tayari, nyekundu, herufi nyeupe zimejaa kama meno: CITOYEN LOKULI.

Lokuli ni yeye.

"Semeki," nikasema taratibu, "hii ni nini?"

"Mchoraji aliniuliza jina. Sasa mutu akikuuliza jina, utataja ya mwengine?"

"Lakini kinga ni yangu."

"Yangu, yako, tutagawana mpaka na jina? Miye niko kaka ya bibi yako. Nyuma yako watasoma Lokuli, watajua una bokilo. Mutu bila bokilo ni nani?"

Nikamgeukia Agathe anisaidie. Alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Hakuinua kichwa.

"Hiyo kinga," akasema, "iko na taa. Iko na kengele. Leo imepata liputa mbele yangu. Miye liputa yangu ya mwisho ni kitenge ya ndoa ya jirani yetu Micheline, na Micheline ameshazeeka. Munigawanyie nini mimi, nyinyi wawili? Kasiksi imekwisha."

Akaingia ndani. Célestin akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkasirisha.

Na bado mambo mawili yalikosekana. La kwanza ni béquille, ule mguu wa chuma unaoshikilia kinga isianguke. Mama Binti alikuwa nao, lakini bila bulonga, ile skurubu ya kuukazia. Célestin akasema achana na bulonga, Opala walifunga hata mitumbwi kwa waya. Akaufunga kwa waya. Nikaisimamisha kinga uani, ikasimama. Papa Hubert akaumwagia ule mguu, na sasa nadhani alimwaga kidogo mno.

La pili ni kadena, yaani kufuli. Usiku kinga ililala chumbani mwetu, imefungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda, kwa sababu wezi wa Kabondo walikuwa wanaweza kukuvua soksi bila kuvua viatu. Ufunguo wa kadena ulikuwa mdogo, wa kupotea. Nikafanya kile ambacho kila mtu mwenye akili angefanya. Nikauingiza katika pete moja na ufunguo wa magazini.

Shikeni hapo.

Ikafika asubuhi yenyewe, ya kwanza kwenda kazini na kinga iliyokamilika. Directeur alikuwa ametangaza kwamba atahesabu mstari yeye mwenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha, kijito kimejaa, lakini mimi kijito kilinihusu nini? Nilikuwa na lami, ile barabara kubwa inayopita mjini. Kinga mpya, yenye garde-boue mbili na bavette, haipiti kwenye matope. Na niseme kweli, kwenye njia ya miguu nani angeniona?

Nikavaa abacost yangu, suti ya zama zile isiyo na tai, iliyopigwa pasi. Nikafungua kadena, nikaitoa kinga nje. Agathe akaja mpaka mlangoni.

"Évariste. Leo usichelewe."

"Na hii? Nitafika kabla ya jogoo wa Directeur."

"Usichelewe," akasema tena, na akaninyoosha kola ya abacost, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kinga iingie nyumbani.

Nikapiga kengele. Avenue nzima ikatoka. Nikaenda.

Ah, ndugu zangu. Mwanzo ulikuwa mtamu. Upepo, lami, watu wa miguu wanaachia njia. Nikafika kwenye shule ya masista, nikasikia filimbi.

Bendera.

Zama zile, bendera ikipanda mahali popote, kila aliyeko barabarani anasimama. Mwenye gari anazima, mwenye kinga anashuka, mwenye kufa anangoja kidogo. Nilikuwa naijua sheria hiyo kama kila mtu. Lakini kamio lilikuwa linapita kabla ya filimbi ya kwanza, na tangu liondoke nilikuwa natembea njia ya miguu, nyuma ya mashamba. Kule hakuna bendera. Kule kuna muhogo, na muhogo hausimamishi mtu.

Nikashuka. Nikaiegemeza kinga kwenye nyonga, nikasimama wima. Watoto wakaimba wimbo wote, na ubeti ule ambao hakuna anayeujua. Kisha nikapanda, nikakanyaga.

Mbele kidogo, posta. Filimbi.

Nikashuka.

Mnajua saa za Kisangani wakati ule. Kila ofisi ilikuwa na saa yake, na kila mkubwa alikuwa na hakika kwamba jua linamfuata yeye. Posta walikuwa wanaanza pale shule walipomalizia. Forodha walikuwa wanaanza pale posta walipomalizia. Lami yote ya mji ilikuwa imepandwa bendera kama bustani, na mimi nilikuwa nyuki, natua kila ua.

Mpaka nafika ofisi ya zone, yaani ya wilaya, jasho limekwishamaliza kazi ya pasi. Nikaomba: Mungu wa jina langu la zamani, hawa wawe wamekwisha.

Filimbi.

Pale zone haikuwa wimbo tu. Ilikuwa na animation: ngoma, makofi, akina mama wa chama wanazungusha viuno kwa ajili ya taifa. Nikaiegemeza kinga nyongani kama kawaida. Kijana mmoja wa chama, mwenye skafu ya kijani shingoni, akaja karibu.

"Mikono, citoyen."

"Inashika kinga, mwanangu."

"Bendera inapanda, weye unakumbatia chuma? Mikono mapajani."

Nikateremsha béquille. Nikaiacha kinga isimame yenyewe. Nikaweka mikono mapajani.

Ngoma zikanyamaza. Bendera ikaanza kupanda polepole, yule mvuta kamba anaipenda kazi yake. Kimya. Hata kunguru walikuwa wanachama siku ile.

Nikasikia waya.

Ulitoa sauti ndogo, *tii*, kama mtu anayefungua mlango wa jirani. Nikatupa jicho tu, kichwa hakiruhusiwi kugeuka. Kinga ilikuwa inainama. Polepole, kwa heshima. Nilikuwa naweza kuishika. Mkono ulikuwa karibu. Lakini kijana wa skafu alikuwa ananitazama mikono.

Ikaanguka.

Usukani ukagonga lami, na kengele ya Mama Binti ikaanza.

Sijui niwaelezee vipi. Bendera iko nusu ya mlingoti, zone nzima kimya, na kengele inalia kama duka linawaka moto. Haikunyamaza. Mtoto mmoja upande wa pili akacheka. Karani mmoja kwenye mstari akakohoa kile kikohozi cha kuzuia kucheka, na wa pembeni yake akashindwa kabisa. Ikaenda mstari mzima, kama upepo kwenye mpunga. Mvuta kamba akageuka kuangalia, na bendera, naapa, ikateremka mkono mmoja.

"Nani mwenye hii kinga?" akasema kijana wa skafu.

"Mwanangu, sikiliza. Mimi ni magasinier wa depo ya kahawa, Simi-Simi. Bendera ya kule inaningoja mimi."

"Bendera iko hapa. Na weye umeichekesha."

"Mimi sikucheka."

"Kinga yako imecheka. Utaeleza ndani."

Akainama aizimishe kengele. Akaifunika kwa kiganja, ikalia ndani ya kiganja. Akaita mwenzake. Wakainama wawili, matako juu, wanapigana na kengele. Nikatazama barabara ya Simi-Simi.

Nikaiacha kinga. Nikakimbia.

Watu wa makamo hawakimbii vizuri na abacost. Lakini nilikimbia, napita bendera ambazo zimekwishapanda, namshukuru Mungu kwa kila moja. Nilikuwa nimefika ukuta wa uwanja wa zamani wa ndege ndipo nilipotia mkono mfukoni kutayarisha ufunguo.

Mfuko ulikuwa mtupu.

Nikauona pale ulipokuwa, kama mtu anavyouona uso wa marehemu. Chini ya kitanda. Kwenye kadena iliyofunguliwa, kwenye mnyororo, katika pete moja na ndugu yake mdogo.

Nikaendelea kukimbia, sijui kwa nini. Nadhani miguu haikuwa imepata habari.

Nikaingia depo, nikainua macho.

Bendera ilikuwa juu.

Ilikuwa inapepea vizuri, imenyooka, kijani, hata haikuwa imekunjamana. Wafanyakazi walikuwa bado kwenye mstari. Directeur alikuwa amesimama mbele, mikono nyuma. Na kando ya mlingoti, mahali pangu, mahali ambapo magasinier anasimama, alikuwapo mtu mwenye nguo zilizolowa mpaka kifuani, matope magotini, anahema.

Célestin.

Msimamizi wetu Augustin, mtu mwema, akanisogelea akaninong'oneza:

"Bibi yako aliona ufunguo chini ya kitanda. Alimutuma huyu na njia ya miguu. Mayi ilikuwa kifuani, gogo haiko, aliogelea. Alifika Directeur ameshaangalia saa. Mushukuru, papa."

Nilitaka kumshukuru. Naapa mbele yenu, neno lilikuwa hapa. Agathe alinihurumia, kaka yake ambaye hakuwahi kuinuka kitini aliinuka kwa ajili yangu.

Lakini Directeur akazungumza kwanza.

"Citoyen Musafiri. Umetoka wapi?"

"Barabarani, Citoyen Directeur. Bendera zilinisimamisha."

Mstari ukatingishika. Akawatazama, wakatulia.

"Bendera ilikusimamisha usifike kwa bendera. Bon." Akaelekeza kidevu kwa Célestin. "Huyu hana kazi. Hana mushahara. Hana kinga. Amekata mayi, amefika. Weye umenunua kinga mupya, mji muzima unaisikia, haukufika. Alors, ufunguo inabaki kwa ule aliyeileta."

"Na nyumba, Citoyen Directeur?"

"Nyumba inafuata ufunguo."

Nikamtazama Célestin. Niliwaza, sasa atasema. Atasema, hapana, Directeur, huyu ni mume wa dada yangu, nimekula kwake misimu miwili, nilikuja kumwokoa si kumrithi. Nikanyoosha mkono anipe ufunguo.

Akautazama mkono wangu. Ngumi yake ilikuwa imefungwa, na pete ya funguo ilitokeza katikati ya vidole.

"Semeki," akasema kwa upole, "usiogope. Hamutaenda popote. Nitawapa kile chumba ya nyuma."

Ndugu zangu, nimezika wazazi. Nimeona mwaka wa waasi. Pensheni yangu imekufa kabla yangu. Lakini mpaka leo nikilala najisikia nimelala katika chumba kile cha nyuma, juu ya mkeka wake.

Kelele ikaanza nje ya lango. Wote tukaijua. Ilikuwa kengele.

Wakaingia: kijana wa skafu, mwenzake, na jandarme mmoja mnene. Walikuwa wanaisukuma kinga yangu, taa imepinda, béquille inaburuta kama mguu uliovunjika, na kila jiwe lilipogonga gurudumu kengele ilianza upya. Nikasogea nyuma ya Augustin. Kijana wa skafu alikuwa ameitwaa ile kazi kwa roho yote, macho chini, anasukuma. Hakuniona.

Jandarme akainama nyuma ya kinga. Akasoma polepole, herufi kwa herufi.

"Citoyen Lokuli iko hapa?"

Célestin akainua kifua. Siku ile ilikuwa siku yake: asubuhi kapata kazi, kapata nyumba, na sasa serikali yenyewe inamwita kwa jina mbele ya watu.

"Ni miye."

"Hii kinga iko yako?"

Célestin aliitazama kinga. Akamtazama Directeur, aliyekuwa amesema hana kinga. Akautazama mstari wa wafanyakazi wake wapya. Nikaona kile alichokiona: mtu mwenye dynamo.

"Iko yangu," akasema. "Kila kitu. Kengele niliichagua miye. Hata jina iko yangu, soma."

Na ili aushike usukani kwa mikono miwili kama mwenyewe, akafungua ngumi, akanigeukia.

"Shika kidogo, semeki."

Ufunguo ukaingia kiganjani mwangu.

Jandarme akatabasamu, tabasamu ambalo siku zile lilimpeleka mtu mahali ambapo mkewe hakujua pa kumpelekea chakula. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu. Alitaka shahidi. Akamtazama Directeur, na Directeur akanitafuta kwa macho nyuma ya Augustin.

"Musafiri. Weye ni ndugu yake. Sema, kinga iko ya nani?"

Kijana wa skafu bado alikuwa ameinama, amefunika kengele kwa viganja viwili. Célestin alinikonyeza jicho, yaani, nisimwaibishe. Suruali yake ilikuwa inachuruzika maji ya kile kijito alichokiogelea kwa ajili yangu. Ufunguo ulikuwa bado una joto la mkono wake.

Nikaufumbata. Nikafungua mdomo.